Udongo wa majaruba yaliyotuama maji

Urekebishaji wa udongo wa majaruba yaliyotuama maji ni ile kazi ya kuiponya ardhi ya mpunga katika mabonde ambayo maji huyaingia kwa wingi yakakosa njia ya kutokea. Viungani mwa Dar es Salaam mabonde ya namna hiyo ni maarufu: huko Kinondoni, mtaa wa Bonde la Mpunga, Msasani, ambao sasa umejaa nyumba, ungali ukiitwa kwa jina la zao lake la zamani, na upande wa Temeke yako mabonde ya mito ya Kizinga na Mzinga, yanayoteremkia mikokoni.

Mpunga ni mmea wa maji, ilhali maji yaliyolala majuma mengi pasipo kusogea huumaliza udongo hewa, na chuma kilichokuwa kimeshikamana na udongo huyeyuka kikanywewa na mizizi kupita kiasi. Dalili zake ni dhahiri: majani ya chini huingia madoadoa ya kahawia kuanzia nchani, mizizi huvaa gamba jekundu kama kutu, na juu ya maji hutanda utando unaong'aa mfano wa mafuta ya taa, ukiuchokoa kwa kijiti hukatika vipande vipande, ambapo mafuta yenyewe yangalirudi kuungana. Mizizi ikiwa myeusi na tope linanuka yai viza, basi ni sumu ya salfa.

Dawa ya kwanza ni mfereji, na kwa rai yetu anayemwaga chokaa katika jaruba lisilo na mfereji anapoteza mali yake. Maji yakisha kutolewa siku chache, hewa ikaingia, ndipo chokaa iliyosagwa hufaa kupunguza ukali wa tindikali. Penye chumvi ya magadi chokaa haifai kitu, bali jasi, kama ile ichimbwayo Makanya, wilayani Same. Nayo pia hutaka maji baridi ya kuiosha chumvi hiyo na kuitoa nje. Makapi ya mpunga yaliyochomwa, ambayo mashineni hutupwa marundo kwa marundo, huupa mmea potashi na silika ya kuimarisha shina. Samadi iwe imeoza barabara kabla ya masika, maana samadi mbichi ikizama topeni huila hata ile hewa kidogo iliyosalia.

Tahadhari kubwa ni karibu na mikoko. Udongo wa huko aghalabu una salfa iliyofichika, ambayo ardhi ikikaushwa mno hugeuka tindikali kali ya kuua kila kilichopandwa. Kwa hiyo hapo maji hupunguzwa na kubadilishwa, wala hayaondolewi yote. Mkulima mzoefu, kabla ya kupandikiza miche yake ya mpunga wa supa, huzamisha mkono hadi kiwikoni, akatoa konzi ya tope la chini, akalinusa.