Mishipa ya fahamu ya paja na mahali pa kudunga sindano

MAMA anayempeleka mtoto wa majuma sita kupata chanjo huko Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, au Rongo, Kaunti ya Migori, huona akidungwa paja la kushoto kwa chanjo ya magonjwa matano, kisha la kulia kwa ile ya kukinga nimonia. Sindano zote mbili huingia upande wa nje wa paja. Tako haliguswi, na sababu imo katika mapito ya mishipa ya fahamu.

Misuli ya paja huhudumiwa hasa na mishipa mitatu itokayo sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Femorali hushuka mbele ya nyonga na kuiamuru misuli minne inayonyoosha goti. Daktari agongapo chini ya pia ya goti kwa kinyundo, huo ndio anaoupima. Obturata huhudumia misuli ya ndani, inayokutanisha mapaja.

Wa tatu ni siatiki, mnene kuliko yote mwilini. Hupita ndani ya tako, ukateremka nyuma ya paja ukihudumia misuli inayokunja goti, kisha ukagawanyika kuelekea wayo. Tako la mtoto mchanga halina nyama ya kutosha, na sindano iliyokosea mahali huweza kuufikia. Tawi lake la upande wa nje ndilo hudhurika zaidi; mtoto hushindwa kuinua wayo, akauburuta atembeapo.

Ukanda huu wa Ziwa Victoria umeizoea malaria, na kwa miaka mingi malaria kali ilitibiwa kwa kwinini. Ilipolazimu kuidunga msulini, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulitaka iingizwe mbele ya paja, wala si takoni. Mwaka 2011 shirika hilo lilipendekeza artesuneti badala yake kwa watoto pia. Nayo hudungwa papo hapo pajani.

Upande wa nje una msuli mnene hata kwa mchanga. Femorali na mshipa mkuu wa damu viko mbele, kuelekea ndani. Siatiki uko nyuma kabisa.

Mtoto aliyelegea mguu ghafla baada ya sindano apelekwe hospitalini mara moja. Akiwa chini ya miaka 15, kisa chake huripotiwa na kinyesi kupimwa, kwani polio nayo hulegeza mguu vivyo hivyo, ila haiondoi hisi ya ngozi.