Moshi Hupanda, Gesi Hushuka

Mimi ni fundi mwashi hapa Kayanga, wilayani Karagwe, na kazi ninayoitiwa sana siku hizi ni kukarabati majiko ya kuni ili yapokee gesi. Mwenye nyumba hunionyesha jiko la udongo alilojengewa zamani, kisha huelekeza kidole kwenye tundu la kuni: “Fundi, mtungi si utakaa humu?” Kweli, wa kilo 6 unaweza kuenea. Lakini hapana. Ili aelewe sababu, mimi huanza na historia, kwa kuwa tundu lile lilijengwa kwa ajili ya moto wa tabia nyingine.

Wanyambo wa zamani, wenyeji wa hapa, walipika ndani ya msonge, nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi. Mafiga matatu, moto, na juu yake dari la kukaushia mbegu. Dohani haikuwepo. Moshi ulipanda, ukapenya kwenye nyasi taratibu, ukifukuza wadudu njia nzima. Usiku makaa yalifukiwa kwenye majivu. Asubuhi yakafukuliwa na kupulizwa. Aliyezimikiwa alikwenda kwa jirani na kigae kuomba moto.

Wapelelezi wa Kizungu Speke na Grant walipofika Bweranyange kwa mtawala wa hapa, Mukama Rumanyika, Novemba 1861, Karagwe ilikuwa na moto wa aina nyingine pia: wa chuma. Wahunzi wake, ambao kazi zao ni pamoja na sanamu za ng'ombe za chuma zilizotunzwa na watawala, walijua kusukuma hewa chini ya tanuri kwa mivuo. Jikoni hakuna aliyehitaji elimu ya hewa ya chini. Kero ya jikoni ilikuwa moshi, na njia ya moshi ni juu.

Mabati yakaja, nayo hayachuji moshi kama nyasi. Jiko likahamishiwa kibanda cha nyuma, na sisi waashi tukaacha nafasi kati ya ukuta na paa. Baadaye kuni zikawa adimu. Wakimbizi wa Rwanda waliokaa kambi kama Chabalisa kati ya 1994 na 1996 nao walipaswa kupika, na miti ililipa gharama hiyo. Ndipo majiko banifu ya udongo yakapata wateja: tundu dogo la kuni, vyungu viwili, dohani ya kutoa moshi. Mashirika ya hapa Karagwe yakaendelea kutafuta: CHEMA na jiko la maranda, MAVUNO na gesi inayotokana na mashina ya migomba. Kila badiliko lilikuta jengo la zamani likifaa kwa marekebisho madogo, maana uwazi ulikuwa juu na uchafu wa hewa ulipanda.

Mwaka 2024 serikali ikazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia: asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mitungi ya kilo 6 ya ruzuku ikafika hata vijijini, Karagwe na Kyerwa. Gesi hiyo ya mtungi, propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haiendi kwenye dohani. Inatambaa sakafuni, inajaza shimo la majivu, inatulia humo.

Na shimoni mara nyingi mna makaa. Watu hawajaacha kuni: chai na mayai kwa gesi, maharage yanayochemka nusu siku kwa kuni, kwa sababu ya bei. Jiko moja, mioto miwili. Harufu kali iliyotiwa kwenye gesi ili itushtue haina faida usiku, kibanda kimefungwa na watu wamelala nyumba kubwa.

Kwa hiyo naziba tundu la kuni na shimo la majivu kwa matofali na udongo, juu nasawazisha meza ya jiko la gesi. Mtungi nauweka nje, wima, kwenye kizimba cha matofali chenye mlango wa nondo. Mpira hupita ukutani ndani ya kipande cha bomba, mbali na joto. Viungio napaka maji ya sabuni. Yakitoa mapovu, hatuwashi. Maharage yanajengewa mafiga yake pembeni, nje. Jiko linalokaa juu ya mtungi wenyewe lisiwe kabisa chumba kimoja na makaa. Mwisho natoboa ukuta chini, usawa wa sakafu, upande unaoteremkia shambani, kisha naweka wavu wa panya.

Tundu hilo ndilo wateja hubishania bei, wakisema uwazi wa juu unatosha. Ulitosha kwa kila moto uliotoa moshi. Gesi haimo katika ukoo huo, kwa hiyo anayehesabu bei ya mtungi, mpira na regyuleta ahesabu na tundu la chini, kabla hajamwita fundi.