Shamba la Bibi: Fedha na Ulinzi wa Tembo katika Historia ya Pori la Akiba la Selous

Pori la Akiba la Selous, kusini mwa Tanzania, lina jina la pili: Shamba la Bibi. Simulizi hudai kuwa Kaisari wa Ujerumani alimtunukia mkewe. Kinachothibitika ni kwamba utawala wa Wajerumani ulitenga sehemu ya eneo hilo mwaka 1896, na Waingereza wakaliita Selous mwaka 1922, kwa kumkumbuka mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917. Kwa msemaji wa leo, hata hivyo, shamba la bibi ni mali ambayo kila mtu huchuma na hakuna anayeipalilia. Makala haya yanadai kwamba maana hiyo ndiyo inayoieleza vyema historia ya bajeti ya pori hilo.

Katikati ya miaka ya 1970 Selous na maeneo jirani yalikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Mgogoro wa uchumi wa miaka ya 1980 uliwaacha askari wa wanyamapori bila magari wala mafuta, huku bei ya pembe ikipanda; kufikia mwaka 1989 walisalia takriban 30,000. Operesheni Uhai na marufuku ya kimataifa ya biashara ya pembe viliwapa tembo nafasi ya kupumua. Lakini jambo ambalo watafiti wengi hulipita haraka ni la kihasibu: katika miaka ya 1990 Selous iliruhusiwa kubaki na nusu ya mapato yake, hasa ya uwindaji wa kitalii. Doria zikagharimiwa na pori lenyewe, na idadi ya tembo ikarudi kufikia takriban 70,000. Utaratibu huo ulipoondolewa katikati ya muongo uliofuata, fedha zikaelekea Hazina. Sensa ya mwaka 2013 ilihesabu tembo 13,084. Sidai kwamba uamuzi huo peke yake uliwaua. Soko la pembe la Asia lilikuwa na njaa yake. Ila ujangili ulikuta lango halina mlinzi.

Mageuzi ya mwaka 2019 yalikuwa ya mipango ya ardhi. Sehemu kubwa ya pori, takriban kilomita za mraba 30,000, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na ujenzi wa bwawa la umeme ukaanza kwenye mto Rufiji. Badiliko la neno, kutoka pori la akiba kuwa hifadhi ya taifa, si la kilugha tu: uwindaji wa kitalii unakoma, na pamoja nao chanzo kile kile cha mapato kilichowahi kulipia doria. Mwaka uliofuata, Sheria ya Fedha ikaelekeza mapato ya TANAPA, ya Mamlaka ya Ngorongoro na ya TAWA yaingie katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Mtunga sera anayesoma sheria hiyo kando ya takwimu za 2013 ataona kuwa swali la miaka ya 1990 limerudi mezani, safari hii kwa nchi nzima.