Moto wa jiko la gesi ukiwa wa njano, usikimbilie kulaumu mtungi

Umejaza mtungi wa kilo 6 juzi tu. Leo moto ni wa njano, na sufuria imetoka nyeusi chini kama ilipikiwa kuni. Wengi husema papo hapo, "Nimeuziwa gesi mbovu." Mara nyingi kumbe ni jiko, halijasafishwa siku nyingi.

Kwa sisi wa Tanga, Pangani na Mkinga, jambo hili ni kubwa zaidi. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Ongeza mafuta ya kukaangia samaki na tui la nazi linalofurika, matundu ya bana yanaziba mapema.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Lakini gesi ikiungulia kwenye jiko chafu, moshi na masizi vinarudi jikoni.

Kwanza, angalia rangi ya moto

• Bluu, umetulia: jiko liko sawa.

• Njano, unalegalega, sufuria ina masizi: gesi haipati hewa ya kutosha. Unapoteza gesi, na moto unaweza kutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Ukipika milango na madirisha yakiwa yamefungwa, inaweza kuua.

• Bluu yenye cheche za rangi ya chungwa, sufuria haina masizi: mara nyingi ni chumvi tu, labda maji ya wali yalifurika. Futa, endelea kupika.

Kusafisha bana

1. Zima jiko, funga mtungi, subiri lipoe kabisa.

2. Toa vyuma vya kuwekea sufuria na kofia za bana. Loweka kwenye maji ya moto na sabuni kwa nusu saa, kisha sugua kwa dodoki au mswaki wa zamani.

3. Zibua matundu kwa sindano nyembamba. Usitumie kijiti cha meno, kinaweza kukatikia ndani. Usitumie msumari, utapanua tundu.

4. Kausha kwa kitambaa, halafu anika juani. Hatua hii wengi tunairuka, na hapa pwani ndiyo inayoleta kutu. Tena maji yakibaki kwenye matundu, jiko litasumbua kuwaka.

5. Rudisha kofia zikae sawasawa. Ikikaa upande, moto utakuwa wa njano upande mmoja.

Juu ya jiko, futa kila usiku kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha kikavu. Stilwaya iache kwa masufuria. Inakwangua rangi ya jiko, na kutu inaanzia kwenye mikwaruzo hiyo. Kutu ndogo ipake siki, subiri dakika chache, sugua taratibu, suuza na ukaushe.

Kama jiko lina oveni

Chomoa umeme au funga gesi, toa trei. Changanya bekingi soda na maji kidogo mpaka iwe uji mzito, paka kwenye kuta zenye mafuta yaliyoungua, acha ilale. Asubuhi futa kwa kitambaa chenye maji. Usipake kwenye koili za umeme, matundu ya gesi wala mpira wa mlango.

Na usichanganye siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu.

Oveni ya gesi ya kuwasha kwa kiberiti: fungua mlango, washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi.

Mpira wa gesi

Ukikunja mpira na kuona nyufa, au umekuwa mgumu, badilisha. Usifunge kwa gundi wala plasta. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakizidi kuvimba, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti hata siku moja.

Weka mtungi wima, juu ya kipande cha ubao. Sakafu yenye maji inaulisha kutu chini, mahali usipopaona.

Ukisikia harufu ya gesi

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, karibu na sakafu. Funga mtungi kama unafikika salama, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote ya umeme. Ukiwa nje, mbali na nyumba, ndipo upige simu Zimamoto, namba 114. Ni bure.

Umesafisha, moto bado ni wa njano?

Acha kulitumia, mwite fundi. Inawezekana tatizo ni pua ndogo inayotoa gesi chini ya bana, au regyuleta isiyoendana na jiko. Hizo si kazi za sindano yako.

Hela ya fundi inauma, lakini moto wa njano unakula gesi kila siku, na pia unachafua hewa unayovuta wewe na watoto.