Uchakavu wa Reli na Hesabu Yake
Ukimwambia fundi wa reli kwamba njia imechakaa, atakuuliza: chuma, mataruma au kokoto? Vitu hivyo havichakai kwa pamoja. Chuma hulika na kuota nyufa, taruma la zege hupasuka, kokoto husagika na kujaa vumbi. Wahandisi wana istilahi moja ya kuyakusanya yote hayo, na kwetu neno lipo tayari: uchakavu. Hesabu inayotabiri kasi yake naiita modeli ya uchakavu. Wapo wanaopendelea "kielelezo", lakini msomaji wa kawaida akisikia kielelezo hutafuta mchoro, na hapa atakuta milinganyo inayojibu swali la fedha: tutengeneze lini, tuanze wapi?

Upande wa matengenezo, watu wa barabara Tanzania wametutangulia kwa majina: matengenezo ya kawaida, ya muda maalumu, ya sehemu korofi. Jina hilo la mwisho watu wa reli waliazime bila haya.

Modeli huanza na vipimo. Behewa maalumu hupita likiandika, kwa milimita, reli inavyopanda na kushuka, na kila kipande, tuseme cha mita 200, hupewa namba yake. Kadiri tani zinavyopita juu yake, namba hupanda. Ikigusa kikomo, huitwa mashine ya kushindilia. Hii huinua reli pamoja na mataruma, huchomeka vyuma vyake kwenye kokoto pande mbili za taruma, huvitikisa kama mara 35 kwa sekunde, kisha huzibana kokoto zijae chini. Reli hunyooka. Ila vyuma vilevile huvunja ncha za kokoto, na kokoto isiyo na ncha haishikamani na mwenzake. Kila ushindiliaji kwa hiyo huifanya njia iharibike upesi kidogo kuliko awali, na modeli nzuri hukuambia lini uache kushindilia, uzichekeche kokoto au uzibadili.

Kikomo hicho hutegemea aina ya treni, na Johannesburg, Afrika Kusini, ni mfano mzuri. Huko treni ilianza kutembea mwaka 1890, kwenda mji wa Boksburg. Leo jiji lina reli za aina mbili. Ya zamani ina upana wa milimita 1,067, sawa na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia; ndiyo maana mabehewa ya kitalii ya kampuni ya Rovos yameweza kufika Dar es Salaam bila kubadilishwa magurudumu. Ya treni ya abiria ya Gautrain, iliyofunguliwa Juni 2010 siku 3 kabla ya Kombe la Dunia, ni milimita 1,435, na treni zake hufikia kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo kikomo hubanwa: bonde ambalo treni ya mizigo hulivuka bila habari, abiria wa Gautrain hulisikia kiunoni.

Tatizo ni kwamba hesabu hizi hudhani anayeiharibu reli ni treni. Machi 2020, Afrika Kusini ilipofunga shughuli kwa sababu ya Korona, treni za abiria zilisimama. Kwa mlinganyo wa tani, uchakavu nao ulipaswa karibu kusimama. Badala yake nyaya za umeme ziling'olewa, stesheni zikavuliwa mapaa, Kliptown ya Soweto ikiwa mojawapo ya zilizoporwa, na kwingine reli zenyewe zikabebwa.

Hiyo ni hujuma, na nadhani istilahi hizi mbili zisichanganywe, ingawa soko linazichanganya kwa makusudi: chuma kilichong'olewa jana kikiwa kizima huuzwa leo kama chuma chakavu. Mwishoni mwa 2022 serikali ya nchi hiyo ilizuia kwa muda vyuma chakavu kuuzwa nje.

Kimahesabu, uchakavu hupanda polepole na hupimika. Hujuma hutokea usiku mmoja, hivyo huingizwa kama uwezekano: kipande hiki kina hatari gani ya kuibiwa mwezi huu? Hatari hiyo hushuka treni zikipita mara kwa mara, kwa sababu njia inayotumika ina macho ya watu na nyaya zenye umeme. Treni inayoichakaza reli, kumbe, ndiyo inayoilinda. Tuseme mpango wa kawaida unataka njia ifungwe wiki 6 ili kazi yote imalizike mara moja kwa gharama nafuu. Ukiingiza hujuma kwenye hesabu, wiki hizo 6 bila treni zinaweza kugharimu zaidi kuliko kushindilia vipande vifupi usiku na kuiacha treni ya alfajiri ipite.