Mwigizaji Kutoka Dar es Salaam

Wanafunzi wa Kisii na Nyamira wamesoma habari za Septemba 1914, askari wa Wajerumani walipovuka mpaka, wakaingia mji wa Kisii, wakapigana na Waingereza. Wengi wa askari hao walikuwa Waafrika. Kule kusini, katika jeshi hilo hilo, alikuwamo mvulana aliyeingia vitani pamoja na baba yake. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Ulaya alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Mwaka 1917 alijeruhiwa katika vita vikali vya Mahiwa.

Vita vikaisha, mshahara usilipwe. Baada ya kutumika melini alifika Berlin mwaka 1929 kudai haki yake na ya baba yake. Akajibiwa kwamba amechelewa. Basi alifanya utumishi mkahawani, akafundisha Kiswahili chuoni, na tangu 1934 akaigiza katika picha za sinema zaidi ya 20.

Zama za picha bubu zilikuwa zimepita. Sinema sasa zilisema na kuimba. Walakini Husen mara nyingi alipewa kusimama tu nyuma ya Mzungu kama mtumishi, kisha asionekane tena. Katika picha iitwayo *Die Reiter von Deutsch-Ostafrika*, ya 1934, alivaa tena sare ya uaskari. Ajabu ya mambo! Nishani ya vita aliyoiomba alinyimwa, lakini watu walilipa viingilio ili wamtazame katika sare ile ile.

Picha yake ya mwisho, ya 1941, ilimsifu Carl Peters, aliyewalaghai machifu wa Usagara kwa mikataba mwaka 1884, na ambaye serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa ukatili wake. Husen aliigiza Ramasan, kiongozi wake mwaminifu wa njia. Wapo watakaomlaumu. Mimi sithubutu, kwa maana alikuwa na mke na watoto, na chini ya utawala wa Hitler mtu mweusi hakuwa na kazi za kuchagua.

Mwaka huo huo polisi wa siri walimkamata kwa kuwa na mapenzi na mwanamke mweupe. Hakufikishwa mahakamani, alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 kibamba cha shaba chenye jina lake kilitiwa njiani, mbele ya nyumba aliyokaa mjini humo.