Nyutrino ya Kwanza Kutoka Angani Ilinaswa Afrika. Sasa Tuulize Nani Alichimba Shimo

Hebu nianze na swali rahisi. Ukisikia "maabara ya fizikia", unaona nini kichwani? Wengi wetu tunaona Uswisi: makoti meupe, sakafu inang'aa, kompyuta kibao. Hakuna anayewaza mgodi wa dhahabu kule Boksburg, mashariki mwa Johannesburg, kilomita 3 na ushei chini ya ardhi, ambapo mwamba wenyewe una joto la karibu nyuzi 50. Lakini ni ndani ya mgodi huo, East Rand Proprietary Mine, ambapo tarehe 23 Februari 1965 mashine ilirekodi alama ya kwanza ya nyutrino iliyozaliwa angani, juu ya vichwa vyetu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hata sikuwa nasoma fizikia. Kwa hivyo nitaieleza polepole, vile ningemwelezea msee wangu tukiwa kwa matatu kwenye jam ya Mombasa Road. Ukiielewa, utaona kwa nini hii stori inaniuma.

Nyutrino ni chembe ndogo ajabu. Haina chaji ya umeme, na uzito wake ni kama haupo. Jua peke yake linatutumia nyingi sana: kila sekunde, zaidi ya bilioni 60 zinapita kwenye ukucha wa kidole chako gumba. Hausikii kitu. Zinapita ukutani, zinapita mlimani, zinapita dunia nzima na kutokea upande ule mwingine bila kugusa chochote. Moja moja tu, kwa bahati sana, ndiyo hugonga atomu na kuacha alama.

Mwanafizikia Wolfgang Pauli alipendekeza chembe hii mwaka wa 1930, kwa sababu hesabu za nishati kwenye aina fulani ya mnururisho zilikuwa zinakataa kuingiana. Ilichukua miaka 26 kabla ya mtu kuithibitisha. Mwaka wa 1956, Wamarekani wawili, Frederick Reines na Clyde Cowan, waliweka kigunduzi chao karibu na kinu cha nyuklia cha Savannah River, South Carolina, wakazipata. Lakini hizo zilikuwa nyutrino za kiwandani, kinu kimejengwa na watu. Swali lililobaki ni hili: zile za asili, zinazozaliwa miale ya anga inapogonga hewa huko juu, nani atazinasa?

Tatizo ni kelele. Miale ya anga ikigonga hewa inazaa pia chembe zinazoitwa myuoni, na hizo hazina aibu. Zinanyesha usiku na mchana, zinapita paa, zinapita hata mwili wako. Ukiweka kigunduzi juu ya ardhi, kitapiga kelele mpaka uchoke. Ni kama kujaribu kusikia mtu akinong'ona katikati ya stendi ya matatu. Dawa ni kwenda chini. Mwamba unazila myuoni, na kadiri unavyoshuka ndivyo kunavyotulia.

Sasa, nani alikuwa na shimo la kilomita 3? Afrika Kusini. Reines, aliyekuwa Case Institute of Technology mjini Cleveland, akaungana na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Wenye mgodi wakakubali, na chumba kikatengwa huko chini.

Fikiria kazi ya kufunga kitu kama hicho. Kigunduzi cha mwanzo kilikuwa na masanduku 36 ya plastiki angavu, kila moja lina urefu wa kama mita 5 na nusu. Ndani ya sanduku kuna kimiminika chenye tabia moja: chembe yenye chaji ikipita, kinatoa mmweko mdogo wa mwanga. Kwenye ncha za sanduku kuna mirija ya kuzidisha mwanga, vyombo vinavyochukua ule mmweko hafifu na kuugeuza kuwa mpigo wa umeme unaoweza kupimwa. Masanduku yalipangwa kama kuta mbili, moja kila upande wa njia ya chini kwa chini, zikitazamana. Na kila kitu, masanduku, kimiminika, mirija, nyaya, hakikuwa na njia nyingine ya kufika isipokuwa kushushwa kwa lifti za mgodi na kusukumwa kupitia njia zilizochimbwa kwa ajili ya dhahabu.

Kisha kuna kupima. Hapa ndipo mimi nilisimama nikasema, manze, hawa watu walikuwa na subira. Utajuaje kwamba mashine inafanya kazi, kama kitu unachotafuta kinaweza kukaa wiki nyingi bila kutokea? Na huko chini bado kuna kelele: mwamba wa Witwatersrand una dhahabu, lakini una urani pia, kwa hivyo mawe yenyewe yanatoa mnururisho.

Ujanja wao ulikuwa mwelekeo. Mmweko wa sanduku moja peke yake hauna maana, unaweza kuwa ni jiwe tu. Lakini chembe ikipita ukuta wa kwanza na wa pili kwa wakati mmoja, hiyo imesafiri. Sasa uliza imetoka wapi. Myuoni chache zinazofaulu kupenya kutoka juu zinakuja karibu wima, kwa sababu njia ya wima ndiyo fupi. Inayokuja kwa ulalo ingelazimika kupita kilomita nyingi sana za mwamba, na hakuna myuoni ya angani inayoweza hiyo safari. Kwa hivyo myuoni ikipita kwa ulalo, lazima imezaliwa hapo hapo karibu, ndani ya mwamba, na kilichoizaa ni nyutrino. Zile chache za wima nazo zilikuwa na kazi yake: zilionyesha mashine iko macho.

Mpangilio wa kigunduzi ndio ulifanya hesabu iwezekane. Ukilinganisha mwanga uliofika kila ncha ya sanduku, unajua chembe ilipita sehemu gani. Ukilinganisha masanduku yaliyowaka kwenye kuta mbili, unapata pembe.

Tarehe 23 Februari 1965, moja ikapita kwa ulalo. Kufikia wakati walipoandika ripoti yao, walikuwa na 7 peke yake. Saba! Baada ya kazi yote hiyo.

Na hawakuwa peke yao. Kule India, kwenye migodi ya dhahabu ya Kolar, timu ya Wahindi, Wajapani na Waingereza ilikuwa inawinda kitu kile kile, kilomita kama 2.3 chini. Wao ndio walichapisha kwanza, Agosti 15, 1965. Timu ya Afrika Kusini ilichapisha Agosti 30, ingawa alama yao ya kwanza ilikuwa ya Februari. Tofauti ya wiki mbili. Na zote mbili zilitokea kwenye mashimo ya dhahabu, kwenye nchi ambazo Uingereza iliwahi kutawala. Hapo ndipo nilianza kufikiria kuhusu shimo lenyewe.

Maana tunaposema "walipata shimo", ni kama shimo lilikuwa linangoja tu. Shimo la kilomita 3 halijichimbi.

Kwenye migodi ya Afrika Kusini ya wakati ule, kazi ya kutoboa mwamba, kuzoa mawe, kusukuma na kubeba ilikuwa ya Waafrika weusi. Walikaa kwenye kambi za wanaume watupu, kwa mikataba, mbali na familia. Walilipwa kidogo kiasi kwamba mshahara wa mchimbaji mzungu uliwazidi zaidi ya mara 10. Kazi za ujuzi, kama kuwa na cheti cha kulipua baruti, zilitengewa wazungu kwa sheria. Walitoka Msumbiji, Malawi, Lesotho. Wengine walitoka hapa kwetu Afrika Mashariki: shirika la kuandikisha vibarua, lile watu waliita Wenela, lilifika mpaka kusini mwa Tanganyika. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, haikuchukua muda ikafunga huo mlango.

Ripoti ya kisayansi ya 1965 ina majina manane ya waandishi. Wote ni wanasayansi, na wanastahili, sina shida na hilo. Hakuna mchimbaji hata mmoja. Utasema, kwani mchimbaji ataandika nini kuhusu nyutrino? Sawa. Sasa angalia kitu kingine.

Mwaka wa 1959, serikali ya ubaguzi wa rangi ilipitisha sheria iliyozuia wanafunzi weusi kujiandikisha kwenye vyuo kama Witwatersrand, isipokuwa wapate ruhusa maalum ya waziri. Kwa hivyo mwaka wa 1964, wakati vifaa vinafungwa kule chini, mwaka ule ule Mandela na wenzake walipohukumiwa kifungo cha maisha, chuo kilichoshiriki kuendesha kigunduzi kilikuwa kimefungiwa mtoto wa mtu aliyekichimbia nafasi. Baba angeweza kushuka kilomita 3. Mtoto hangeweza kupanda ngazi za idara ya fizikia.

Hii ndiyo inayoniuma. Mimi chuo niliacha, mlango ulikuwa wazi nikatoka nao. Kuna tofauti kubwa kati ya kutoka mlangoni na kuzaliwa ukiwa umefungiwa nje. Na ukifungiwa nje, baadaye watu wataangalia ile orodha ya majina manane waseme, "Unaona? Sayansi haikuwa kitu chao."

Kabla hujasema hayo ni ya Kusini, rudi nyumbani. Desemba 12, 1970, Jamhuri Dei, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, setilaiti ilirushwa ikiwa na vigunduzi vya eksirei. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za anga tu. Ilipewa jina Uhuru, kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani. Mwanasayansi wake mkuu, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel 2002, na Reines alikuwa amepata yake 1995 kwa ile kazi ya 1956. Boksburg ilikuwa na kina. Malindi ilikuwa na ikweta. Sisi kwenye hizi stori tunatajwa kama mahali.

Kwa hivyo nikiona posti ya "Afrika ilikuwa ya kwanza kunasa nyutrino ya angani", ngumi juu, bendera tele, nafurahi kidogo halafu nauliza: Afrika gani? Ile iliyosaini ripoti, au ile iliyokuwa kambini ikihesabu miezi ya mkataba? Tukisherehekea shimo bila kuuliza bei yake, tunawasaidia waliofuta majina.

Ukipita Upper Hill uone jengo refu jipya, ubao wa pale nje unataja msanifu, mhandisi, mkandarasi. Watu wa mjengo waliopandisha mawe na simiti mpaka ghorofa ya 20 hawapo kwenye ubao. Sisi tunajua walikuwepo kwa sababu tuliwaona asubuhi wakinunua chai na mandazi pale geti. Miaka 60 ijayo, nani atakuwa anajua?

Wale wa Boksburg, wengi wameshaenda. Lakini si wote, na watoto wao wako. Kama una rafiki Tukuyu, Mbeya, au Malawi, ambaye babu yake alienda migodi ya Kusini, mwambie amuulize mzee, au amuulize nyanya aliyebaki akimngoja: alishuka mgodi gani? Mwaka gani? Alifanya kazi gani huko chini? Andika jina lake kamili, kwa herufi zake sahihi. Hiyo pia ni historia ya sayansi, na haihitaji digrii.